Linux kwa kompyuta iliyochoka: vidokezo kutoka Olkaria

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho yake ya kawaida. Tangu hapo swali ni lile lile ukipita maduka ya simu ya Kamere, Kwa Muhia au Karagita hapa Naivasha: laptopu bado inawaka, sasa nifanyeje? Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye, chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Nakuru na Naivasha hazifiki hapo hata kwa kuvutwa.

Linux inazipokea, ila haizipokei zote kwa namna moja, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Mtu anasikia "Linux ni nyepesi", anapakua toleo la kwanza analoliona, mashine inakokota miguu, anatangaza kijiji kizima kwamba Linux ni ya wataalamu. Ushauri wangu wote hapa unatoka kwenye jambo moja: amua kazi kwanza, mfumo utafuata. Mashine ya kuandikia barua na kuingilia eCitizen haihitaji kujua kuhariri video.

1. Ijue mashine kwa mambo matatu

Prosesa, ramu, diski. Mengine ni mapambo. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utayaona yote. Kama Windows imeshakufa, iwashe kutoka flashi ya Linux na uandike lscpu, free -h na lsblk kwenye kisanduku cha amri.

Ramu ya gigabaiti 4 na kuendelea, prosesa ya biti 64: weka Linux Mint toleo la Xfce na usijisumbue na mabishano ya vijana mtandaoni. Menyu iko kona ile ile ya chini kushoto, na hata mzee wako ataipata bila kuuliza.

Gigabaiti 2: Debian yenye Xfce au LXQt, au antiX. Gigabaiti 1, au zile netbook za Atom za mwaka 2009 zenye prosesa ya biti 32: antiX 23, basi. Usijaribu dawati la GNOME hapo. GNOME pekee, kabla hujafungua chochote, hula gigabaiti nzima na zaidi. AntiX yenye IceWM huamka na kukaa kwenye megabaiti mia mbili hivi.

Tahadhari kidogo juu ya miongozo ya zamani. Ubuntu iliacha kutoa matoleo ya biti 32 miaka mingi iliyopita, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Ukikuta mwongozo wa 2016 unaokuambia uweke Lubuntu mpya kwenye netbook, ufunge uende zako.

2. Kabla hujatoa pesa, ingia BIOS

Kwa HP bonyeza F10 mashine inapowaka, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, mrudishie. Mashine hizi zilikuwa za ofisi na shule za Uingereza, na nyingine zilisafiri na kufuli zake. Muuzaji atakuonyesha Windows ikiwaka vizuri, nayo inawaka kweli, lakini mara nyingi bila BIOS hutaiambia isome flashi yako.

Chromebook nazo ni jamii nyingine. Nyingi zinaweza kuwekwa Linux kwa kubadilisha programu yake ya kuwashia, na modeli zinazokubali zimeorodheshwa kwenye tovuti ya MrChromebox. Angalia jina kamili la modeli kabla ya kulipa. Na ikiwaka ikasema inasimamiwa na shule au kampuni fulani, iache hapo hapo kaunta hata kama bei inakuchekea, kwa sababu usimamizi huo huzuia hali ya msanidi unayoihitaji kuanza kazi.

3. Toa diski inayozunguka

Hakuna kidokezo kingine humu kinachoshinda hiki kwa shilingi uliyotumia. Diski ya kuzunguka hufanya usomaji wa hapa na pale kama mara mia kwa sekunde. SSD ya bei nafuu hufanya maelfu kwa maelfu. Nunua ya gigabaiti 120 au 128, fungua skrubu mbili tatu chini ya laptopu, badilisha. Diski ya zamani itie kwenye kasha la USB iwe ghala la picha. Tena SSD haina sindano ya kugonga sahani laptopu inaporuka ndani ya begi kwenye barabara ya murram.

4. Kishikwambi cha Android: usikifute

Watu huuliza, "Niwekee Linux kwenye tab ya mtoto." Kishikwambi cha Android kina prosesa ya ARM, hakina BIOS, na kila modeli ina njia yake ya kuwaka, mara nyingi iliyofungwa na kiwanda. Flashi uliyotengenezea laptopu haina kazi hapo. Upo mradi wa postmarketOS, ulioanza 2017, unaoweka Linux halisi kwenye simu na vishikwambi. Modeli zinazofanya kazi vizuri ni chache, na tab isiyo na jina uliyonunua dukani pale stendi kwa hakika haimo.

Njia ya maana ni kuiacha Android ilipo na kuendesha Linux ndani yake. Pakua Termux kutoka F-Droid (ile ya Play Store iache), weka proot-distro, kisha Debian, kisha Xfce, na Termux:X11 ikuonyeshee dawati. Itahitaji Android 8 au zaidi. Usitegemee kasi ya ajabu. Kwa kujifunza Python, kuandika na kuhariri faili inatosha kabisa, na siku ukichoka unafuta Termux na Termux:X11 na tab inarudi ilivyokuwa. Kwenye Android 12 na kuendelea, mfumo hupenda kuua kazi za Termux kimyakimya zikiwa nyingi. Ukiona dawati limetoweka ghafla, mchawi wako ni huyo.

5. Kishikwambi cha Intel: hiki ndicho kitamu, na ndicho chenye miiba

Kati ya 2013 na 2016 hivi viwanda vilimwaga vishikwambi vyenye prosesa ya Intel Atom, hasa Z3735F, na ramu ya gigabaiti 2 au hata 1, hifadhi ya gigabaiti 32 au 16. Ukigeuza nyuma ukakuta nembo ya Windows, uko nacho. Kwa Windows ya leo kimekwisha, maana masasisho yenyewe hayatoshei kwenye hifadhi. Kwa Linux kina miaka mbele yake, ukivuka vizuizi vinne.

Cha kwanza ndicho kinachowashinda mafundi wengi. Prosesa ni ya biti 64, lakini programu ya kuwashia, UEFI, iliandikwa ya biti 32. Unachomeka flashi ya Linux, kishikwambi kinaipita kama hakijaiona, na fundi anakwambia flashi ni mbovu. Flashi ni nzima. Inakosa faili moja tu iitwayo bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT. Debian 12 na 13 za biti 64 huja nayo, na Ventoy, programu ya kuandalia flashi, pia inaijua njia hiyo. Ndiyo maana kwa vishikwambi hivi napendekeza Debian kabla ya kitu kingine chochote.

Cha pili ni tundu. Vingi vina tundu moja la micro-USB, la kuchajia na la kila kitu. Utahitaji waya wa OTG, habu ndogo ya USB, kibodi na flashi, vyote vikining'inia hapo, na wakati huo hakichaji. Jaza betri mpaka asilimia mia kabla ya kuanza. Kikizimika katikati ya kuandika diski, utaanza upya na hasira.

Cha tatu ni viungo vidogo. Waifai ya Realtek RTL8723BS iliyomo kwenye vingi vya hivi ilisumbua sana zamani. Draiva yake iliingia kwenye kerneli 4.12 mwaka 2017, na tangu Debian 12 ya 2023 kisakinishi huja na faili za vifaa ambazo awali ulilazimika kuzitafuta mwenyewe. Kioo cha kugusa cha Silead kina tabia ya kuhitaji faili maalumu ya modeli yako. Bila hiyo, unagusa kushoto kinaitika kulia. Skrini inaweza kuwaka ikiwa imelala ubavu, na mipangilio ya onyesho huisimamisha. Kamera zihesabu zimekufa. Kama kazi yako ni mikutano ya Zoom, kishikwambi hiki si chako.

Cha nne: kikiganda bila sababu kila baada ya muda, hasa ukiwa na kerneli ya zamani, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwasha. Betri itaisha mapema kidogo lakini kuganda kutapungua.

Kwa kugusa kwa vidole, GNOME ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote, ila kwa gigabaiti 2 inahema. Weka Xfce pamoja na kibodi ya skrini iitwayo Onboard, na utafute kibodi ya USB ya bei ya chini ya kuandikia barua ndefu. Kisha fanya jambo ambalo hakuna anayelifanya: kabla ya kufuta Windows, endesha Linux kutoka kwenye flashi jioni nzima. Jaribu waifai, sauti, kugusa, kuzima na kuwasha. Kama kuna kiungo kitakachokukera kila siku, utakijua ukiwa bado una njia ya kurudi.

6. Vishikwambi vya shule viulize kwanza

Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza na laptopu kwa walimu chini ya mpango wa kidijitali wa shule za msingi, vilivyounganishwa kupitia ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT na kampuni za nje. Baadhi vilibaki kabatini. Najua mwalimu mwenye mikono myepesi anawashwa kuvifufua, na ningempa mkono. Lakini ni mali ya umma yenye namba kwenye daftari. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, hifadhi nakala ya masomo yaliyomo, na anza na kimoja kilichokwisha kuandikwa kuwa kibovu. Watoto wakishaizoea michezo ya masomo ya GCompris, kamati ya wazazi itakuuliza vingine viko wapi.

7. Mlafi ni kivinjari

Utaweka mfumo mwepesi kuliko wote, kisha utafungua tabo kumi na mbili na kusema Linux imekudanganya. Ukurasa mmoja wa habari wenye matangazo unaweza kula megabaiti mia mbili za ramu. Firefox yenye kizuizi cha matangazo cha uBlock Origin hupunguza mzigo huo, na bando pia. Kwa mashine ya gigabaiti 2 jiwekee sheria ya tabo nne.

Ongeza zram: sudo apt install zram-tools. Hii hutenga sehemu ya ramu na kubana humo vitu visivyotumika kwa sasa, kwa kawaida hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake. Prosesa inafanya kazi kidogo ya ziada. Kwa malipo hayo mashine haiendi kuhangaika kwenye diski. Kwenye kishikwambi chenye hifadhi ya eMMC faida ni mbili, kwani hifadhi hiyo huchakaa kwa kuandikwaandikwa.

Video za YouTube zikikwama, kosa mara nyingi ni umbo la video. YouTube hupenda kutuma VP9, ambayo chipu za picha za zamani hazina njia ya kuifungua, hivyo prosesa yote inashikwa na kazi hiyo. Kiongezi cha h264ify huilazimisha itume H.264, ambayo karibu kila mashine ya baada ya 2010 huifungua bila kutoa jasho. Shusha hadi 480p. Kwenye skrini ya inchi kumi na moja hutaona tofauti.

Kwa shughuli za serikali huna haja ya programu yoyote: eCitizen, iTax ya KRA, HELB na KUCCPS zote huingia kwa kivinjari. Ndiyo maana vijana wa saiba ndio ningewashawishi kwanza. Kazi zao nyingi ni kurasa hizo, kuchapisha na kuskani. Printa za HP zina kifurushi chake kiitwacho HPLIP, na Epson nyingi za matangi ya wino huitika kwa draiva ya escpr. Printa nyingine, ichomeke kwanza kwenye Linux ya flashi uone kabla hujaihamisha saiba nzima.

8. CV isihamie ukurasa wa pili

Hili limewavunjia watu moyo kuliko virusi. Kijana ameandika CV kwa Word na fonti ya Calibri, ukurasa mmoja safi, anaomba kazi ya ufundi kwenye mitambo ya mvuke. Saiba inafungua kwa LibreOffice, haina Calibri, inaweka fonti nyingine pana zaidi, na sahihi ya mdhamini inadondoka peke yake ukurasa wa pili. Linux inalaumiwa.

Weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Carlito ina upana ule ule wa Calibri herufi kwa herufi, na Caladea ule wa Cambria, hivyo mistari inakatika pale pale ilipokatika. Liberation inafanya hivyo kwa Arial na Times New Roman. Ukimaliza, mtumie mwajiri PDF. Kwa mashine ya gigabaiti 1 acha LibreOffice, tumia AbiWord na Gnumeric.

Kuna watakaokuambia programu hizi hazikutengenezwa zikifikiria watu wetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ile iliyozaa LibreOffice, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili. Kenya tulikuwa bado tunabishana kama mtandao ni tovuti au wavuti.

9. Bando moja, mashine nne

Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. Kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki gigabaiti 1, lakini kitaendelea kupakua kinapoweka. Pakua usiku, na hakikisha nambari ya SHA256 inalingana na iliyoandikwa tovutini. Faili iliyokatika njiani ikiwekwa kwenye flashi hutoa makosa ya ajabu ambayo utayatafutia maelezo wiki nzima.

Una mashine kadhaa za aina moja? Sasisha moja kwa apt-get, kisha nakili faili za .deb zilizobaki ndani ya /var/cache/apt/archives kwenda kwenye folda ile ile ya mashine nyingine, na uendeshe amri hiyo huko. Itazitumia badala ya kuzipakua. Zingatia: iwe apt-get. Amri fupi ya apt hufuta faili hizo ikishamaliza, na bando lako linakwenda nazo.

10. Hewa ya Olkaria inakula shaba

Hapa mwongozo wa London au Bangalore haukufai. Harufu ya mayai viza unayoisikia karibu na visima vya mvuke ni gesi ya salfidi haidrojeni inayopanda na mvuke. Gesi hiyo hushika shaba na fedha na kuzigeuza salfidi nyeusi, na unyevu ukiwepo inakwenda mbio zaidi. Ndiyo maana vyumba vya vifaa vya kielektroniki katika mitambo ya mvuke duniani huchujiwa hewa. Laptopu yako iliyo juu ya meza karibu na dirisha haina mchujo.

Dalili zake ni za hila. Mashine haiwaki, au inalia mlio wa ramu, au waya wa chaja unashika ukiukunja upande mmoja. Mtu anadhani Linux imeharibu kitu. Zima, toa betri, chomoa kadi ya ramu na uitazame kwenye mwanga: meno yake ya dhahabu yakiwa na ukungu wa kahawia au weusi kwenye kingo, yasugue polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kali ya kusafishia vifaa, rudisha. Mara nyingi mashine huamka. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya chaja. Nyuzi nyeusi zikishatambaa kwenye ubao wenyewe kati ya njia za shaba, hapo ni kazi ya fundi mwenye hadubini, na wakati mwingine hakuna kazi tena.

Kinga ni ya kawaida: mashine ikiwa haitumiki ikae ndani ya begi au sanduku linalofunga, mbali na dirisha, hasa siku ambazo kisima kinafunguliwa kujaribiwa na mvuke unatanda. Usiiache imelala nje kwenye gari usiku wa baridi, umande ukaingia.

Vumbi nalo. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano na pumice, mwepesi, mkali, unaingia kwenye feni kupitia tundu lolote. Mashine inayowaka moto hujipunguza kasi yenyewe, na wewe unaanza kutafuta mfumo mwepesi zaidi wakati dawa ni brashi. Fungua, ondoa blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba, badilisha ile pasta ya joto iliyokauka. Tuko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Hewa ni nyembamba na hubeba joto kidogo kuliko hewa nzito ya joto lile lile, kwa hiyo feni chafu huku inakuadhibu mapema. Kishikwambi hakina feni, na kwa kigezo hiki peke yake ningekichagua kwa kazi za shambani.

11. Stima

Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo mvuke wa Bonde la Ufa hulipa taifa zaidi ya theluthi ya umeme wake. Bado kuna maboma ambayo waya mkubwa hupita juu yake bila kushuka. Kwa anayeishi hapo, tofauti kati ya laptopu na kishikwambi ni hesabu ya volti: laptopu nyingi zinataka volti 19 au 20, kishikwambi cha Atom kinaridhika na volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Kitachajiwa na paneli ndogo yenye tundu la USB mchana, bila inveta.

Laptopu yenye betri iliyokufa, stima zikipotea, inaanguka ghafla. Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hujirekebisha ukiwasha tena, lakini barua uliyokuwa ukiandika haijui habari hiyo. Ndani ya LibreOffice weka uhifadhi wa kila dakika tano. Weka pia tlp, inayobana matumizi ya betri bila wewe kugusa kitu.

12. Ipe kazi moja, uiache

Mashine kuukuu hung'ara ikiwa na kazi moja. Laptopu ya gigabaiti 2 yenye kiwix-serve inaweza kukaa kona ya maktaba ya shule na kuwagawia wanafunzi Wikipedia kwa waifai bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flashi yoyote. Kishikwambi ukutani cha kuonyesha ratiba ya zamu. Netbook ya kusomea vitabu vya PDF tu.

Kwa mafundi wa vipimo kuna hazina iliyosahaulika. Dell Latitude D630 ya 2007 ina tundu la siriali lenye pini tisa kwa nyuma, lile hasa linalotakiwa na vifaa vingi vya zamani vya kurekodi shinikizo na joto. Weka Debian, weka minicom, umepata kituo cha kusomea ambacho hakuna atakayekiiba. Huna D630? Waya za USB kwenda siriali zenye chipu za FTDI, PL2303 au CH340 zinatambuliwa na kerneli bila kutafuta draiva.

Na ukianza kuona haya kwamba gigabaiti 2 ni kidogo: mwaka 1987 Bodvarsson, Pruess, Stefánsson, Björnsson na Ojiambo walichapisha kwenye Journal of Geophysical Research mfano wa kompyuta wa Olkaria Mashariki, kisima kwa kisima, wa kukadiria mvuke utaendaje miaka ijayo. Kupata picha ya enzi hizo, Cray-1, kompyuta kuu iliyotoka 1976, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 8. Kishikwambi unachokidharau kina mara 256 ya hiyo.

13. Ikikataa kabisa

Betri iliyovimba haingoji mfumo mpya. Ukiona kifuniko kimeinuka, au kishikwambi kinayumba juu ya meza tambarare, zima, usichaji tena, usitoboe, usitupe kwenye moto wa takataka. Toa vinavyofaa: ramu, SSD, chaja, kadi ya waifai, hata skrubu, kwani skrubu za laptopu hazipatikani ukizihitaji. Zilizobaki zikusanyeni kama jirani tatu nne na mzipeleke pamoja Nairobi kwenye kituo cha WEEE Centre, kinachopokea taka za kielektroniki. Kabla hujampa mtu diski ya kuzunguka uliyoitoa, iandike upya yote kwa shred -v huku ikiwa imechomekwa kwa USB, na uhakikishe kwa lsblk kwamba herufi uliyoandika ni ya diski hiyo na si ya mashine unayoitumia.